Mionzi ya Mama

Jumatatu, 4 Machi

Miguu inawaka moto. Siku nzima maabara, nimesimama mbele ya taa ya mionzi. Bakteria wa aina mbili, ndugu kabisa, wanatofautiana kwa jeni moja tu. Tumewapa majina: Sugu na Yai. Ijumaa niliwamulika pamoja, taa moja, muda mmoja. Leo sahani ya Sugu imejaa vidoa vyeupe, bakteria walioota tena. Ya Yai tupu. Profesa kafurahi. Mimi nilitaka kiti.

Nyumbani nimemkuta Mama amelala chali, vifungo vya blauzi wazi. Katoka hospitali, kwenye mionzi yake ya saratani ya titi. Ngozi nyekundu. Anasema ni joto tu.

Jumatano, 6 Machi

Si joto. Ngozi imeanza kuchubuka. Rafiki yake wa kwenye foleni, aliyeanza naye wiki moja, kapata weusi kidogo basi. Mama anauliza kama mwenzake anachomwa kwa mshumaa na yeye kwa kuni. Nesi kasema kila ngozi na tabia yake, apake dawa. Nimempaka. Ningesema nini — kwamba mionzi inawajeruhi Sugu na Yai sawasawa, ila Yai, kwa kukosa ile jeni moja, hana fundi wa kumshona ndani?

Bakteria si mtu. Nimejiambia hivyo kutwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimechelewa kazini, Profesa kanuna. Tumerudia jaribio. Yai hajaota hata mmoja.

Jumatatu, 11 Machi

Daktari kaona kidonda, kasimamisha mionzi papo hapo. Mama kabisha: zimebaki siku chache, wammalizie tu, atauguza vyote kwa pamoja. Daktari hakusikia. Kauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo aliyewahi kuungua hivi.

Mama kamtaja mdogo wake — mama mdogo, tuliyemzika nikiwa bado shuleni. Aliungua vivi hivi. Sisi tuliambiwa mashine ilikuwa mbovu. Miaka yote hiyo tumeilaumu mashine.

Wamechukua damu ya Mama. Na yangu. Daktari kauliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, kasema basi sina haja ya kuelezwa. Mama kanigeukia: kuelezwa nini?

Nimemweleza kwenye teksi, kwa mfano wa Sugu na Yai. Kasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi ndiye Yai," akasema. Akacheka, kifua kikamuuma, akaacha.

Hakuniuliza mimi ni yupi. Katazama nje mpaka tumefika.

Jumanne, 19 Machi

Majibu bado. Kidonda kinakauka. Uvimbe — hakuna anayejua, wanazungumzia upasuaji. Kaka kwenye simu kasema yeye hapimwi, tumwache alale usingizi wake. Zamani ningegombana naye. Leo nimemwambia sawa.

Alhamisi, 28 Machi

Naandikia hapa hospitali, kwenye benchi. Majibu yametoka. Mama kavaa gauni lake la kitenge la kutokea, kajipaka na poda, kama tunakwenda kuchukua cheti. Tangu asubuhi ananiangalia mikono, shingo, kama ananikagua baada ya kuanguka.

Nesi katoka, kasema daktari ananitaka mimi kwanza. Peke yangu.

Peke yangu! Mgonjwa ni yeye. Ametibiwa yeye. Tumeelewa wote wawili kwa pamoja kwamba huenda na mimi ni Yai, nimeona uso wake ulivyobadilika. Nesi kaongeza kwa upole kwamba mama atasubiri kidogo tu.

Mama hajasubiri. Kasimama, kachukua mkoba wangu, kauweka begani kwake, upande wa kidonda.

"Hiyo damu nimempa mimi," kamwambia nesi. "Nitaingia naye."

Nesi ananiangalia mimi, anangoja niseme. Mlango uko wazi, namwona daktari amekaa, karatasi mbili mbele yake. Mama ameshaninyooshea mkono. Bado naandika, kama mjinga, maana nikiweka kalamu chini itabidi niushike, niingie, nijue mimi ni yupi —