Mke Wangu Anaendesha Benzi Yangu kwa Siri, Nami Namjazia Mafuta

Shangazi wetu wa gazeti, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na uniwie radhi kwa hizi alama za grisi, nakuandikia juu ya boneti la gari la mteja kwa sababu nyumbani siwezi, mke wangu anapitapita na macho yake yanaona hata kilicho mfukoni. Mimi ni fundi wa magari, natengeneza Benzi peke yake, ukiniletea gari la aina nyingine nitakukaribisha kwa heshima zote kisha nitakuonyesha gereji ya jirani, na kwa sababu nimepachika ile nyota ya ncha tatu juu ya mlango wangu, watu wananiita Fundi Nyota. Mke wangu anashona sare za shule pale nyumbani, watoto wetu wameshajitegemea, tumebaki wawili na cherehani na gari, na nampenda, Shangazi, hilo niliandike mapema usije ukanihukumu vibaya.

Kila mteja anayekaa kwenye benchi langu lazima asikie historia ya Benzi, apende asipende. Nawaambia kwamba yule Mjerumani alipounda gari lake la kwanza, la matairi matatu, watu walilitazama kama kichekesho, na mwenyewe alikuwa mtu wa wasiwasi, kila siku anakaza hiki anabadilisha kile, mpaka mkewe alipochoka, akaamka alfajiri moja akawachukua wanawe wawili wa kiume, akaliwasha na kuondoka nalo kwenda kwa mama yake bila kumwambia mume, safari ndefu ambayo gari halikuwahi kuifanya, mafuta yakamwishia akanunua kwa muuza dawa, bomba likaziba akalizibua kwa pini ya kofia yake, breki zikalika akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi, vilimani wakasukuma, na jioni akafika. Hapo hapo naifunga hadithi, nawaambia, jamani, tunamcheka mama wa watu na bila yeye huenda tungekuwa tunakwenda kwa miguu. Nawaambia pia kwamba jina la Mercedes ni la msichana, binti wa mfanyabiashara aliyekuwa akiyauza magari hayo na kuyapeleka kwenye mashindano. Mke wangu aliniletea chakula siku moja akanikuta nasimulia, akasema nisiwalishe watu asali tupu, niwaambie na kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda kile kiliwafanyisha watu kazi kwa kulazimishwa, na tangu siku hiyo nalisema na hilo, maana ni kweli na aliyeniambia ni mke wangu.

Basi na mimi ninayo Benzi yangu, ya dizeli, ya zamani, rangi ya maziwa, niliikuta imetupwa nyuma ya ghala panya wamezaana kwenye viti, nikaifufua kidogo kidogo mpaka ikanguruma. Watu wanaijua Benzi kwa wakubwa tu, wale walioitwa Wabenzi, matumbo mbele na dereva wa kuwafungulia mlango, lakini mimi nawaambia sifa yake yenyewe iko kwenye hizi dizeli za teksi, zinazokwenda mpaka mwenyewe anazeeka zenyewe bado zinadai safari. Mke wangu nilimfundisha kuiendesha, Shangazi, usiseme sikumfundisha, nilimfundisha siku moja miaka mingi iliyopita, ila pale kwenye taa za barabarani alikwaruza gea nami nikapaza sauti kidogo, sauti ya kawaida tu ya gereji, nikasema "Unaniulia gari, wee mwanamke!" akazima injini katikati ya barabara, akashuka, akaenda nyumbani kwa miguu, na hajawahi kuligusia tena jambo hilo, wala sijui kilichomuudhi ni nini hasa.

Sasa sikiliza. Miezi kadhaa iliyopita niliingia kwenye gari langu nikakuta magoti yananigonga usukani, kiti kimesogezwa mbele, na kioo cha kuangalia nyuma kimeinamishwa, nikasema nimeibiwa, lakini ni mwizi gani anarudisha gari, analifunika turubai na kulifuta vumbi? Kwenda gerejini natembea, ni karibu, kwa hiyo gari linashinda nyumbani, na funguo ziko kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Moyo ukaanza kunipeleka kubaya, nikamshuku yule muuza vitambaa anayemletea majora, Mungu anisamehe. Mpaka alipokuja mwalimu wa udereva kutengeneza Benzi yake akanipa mkono akaniambia, "Fundi, hongera, mama amefaulu mara ya kwanza tu, mkono wake mwepesi!" Nami nikajifanya ninayo habari, nikasema najua, najua.

Halafu nikamwona kwa macho yangu. Nilikuwa ng'ambo ya barabara natafuta bolti, Benzi yangu ikapita, mke wangu kwenye usukani, sare za shule zimejaa kiti cha nyuma, akaingia kwenye mzunguko, akasubiri lori lipite, akatoka kwa gea ya pili bila hata kulitikisa gari. Nilijificha nyuma ya rundo la matairi, mtu mzima na mvi zangu, nikalia. Sikulia kwa hasira. Alikuwa anapendeza, Shangazi, na alikuwa anacheka peke yake.

Nikaamua ninyamaze nisimharibie raha yake. Nikawa namsaidia chini kwa chini, akienda sokoni mimi naangalia upepo wa matairi, naongeza oili, nalainisha reli ya kiti ili kisogee bila kumuumiza mkono, na mafuta nayaongeza kidogo asije akazimikiwa njiani. Cha ajabu, naye anaongeza ili nisigundue, ikawa kila nikiingia mshale wa mafuta uko juu kuliko nilivyouacha. Gari linatembea kila siku na mafuta yanapanda tu! Hata Wajerumani hawajaunda gari la namna hiyo.

Tatizo ni hili. Mama mkwe alinipigia simu juzi akaniuliza, "Mwanangu, hili gari la Jumamosi, nifyeke nyasi za mlangoni au litaegeshwa barabarani?" Nikamuuliza gari gani, mama? Akakohoa, akasema amekosea namba, yeye aliyekwishaniita mwanangu! Jioni mke wangu akaniuliza, kama hana neno, kama Jumamosi nitashinda gerejini. Kwa hiyo anakwenda, Shangazi, anakwenda na gari kwa mama yake, kama yule mama wa Kijerumani, na ili ufike kwa mama mkwe lazima uteremke mlima mrefu wenye kona kali na malori. Na ile pampu inayoipa breki nguvu imechoka. Hapa mjini haina madhara, pedali inakuwa ngumu kidogo tu, lakini ukiteremka mlima ule umekanyaga breki muda wote, ukifika kona ya chini unaweza kukanyaga kwa miguu miwili gari lisisimame. Spea nimeiagiza, itafika wiki ijayo.

Nikimwambia, atajua nilikuwa najua, na namjua, ataning'iniza funguo msumarini na hatazigusa tena mpaka tunazikwa. Nisipomwambia, sitaki hata kuandika. Nimefikiria kuchomoa waya mmoja wa starta Ijumaa, asubuhi gari likatae, akate tamaa, arudi kwenye cherehani, nami wiki ijayo nifunge pampu kimya kimya. Nichomoe waya, Shangazi? Nijibu haraka, Jumamosi haingoji.

Wako, Fundi Nyota.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Fundi. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikicheka mpaka mhariri akaja kuchungulia, na nilipofika kwenye habari ya waya nikaacha kucheka. Waya usiuguse. Unanisikia? Mwanamke ameamka mapema, amevaa, mama yake anamsubiri, anazungusha ufunguo na gari halijibu. Atamlaumu nani? Hatakulaumu wewe, atajilaumu yeye, atasema ni mimi nimeliua, kama alivyowahi kuambiwa mbele ya watu kwenye taa za barabarani. Ndiyo, hapo hapo ambapo hujui kilichomuudhi. Kilichomuudhi ni wewe, baba. Ile sauti yako ya gereji kaseme na vyuma.

Kwa mengine nakupa pole, na nakupenda bure. Wanaume wengi huniandikia wamemkuta mke na siri wakataka niwape ruhusa ya kugomba, wewe umemkuta na siri ukaenda kulainisha reli ya kiti. Mke wako ameolewa na mtu. Lakini hebu niambie kitu kimoja, Fundi: huyo mshonaji anayejua suruali ya mtoto imepungua nusu sentimita, kweli hajaona kwamba kiti kinateleza, matairi yamejaa na tangi linajijaza? Anajua kwamba unajua! Mnajazia tangi moja kila mtu na zamu yake, na kila mmoja anajiona mjanja. Hofu yako kwamba akijua atatundika funguo iondoe. Ameshajua, na bado Jumamosi anakwenda.

Sasa nirudi kwenye hadithi yako, maana naona wateja wako wote unawaachia njiani. Unaishia kwenye "jioni akafika" kana kwamba mambo yaliishia hapo. Nimeuliza watu wanaoijua historia hiyo. Yule mama alipofika kwa mama yake alimpelekea mume simu ya maandishi kumjulisha kwamba wamefika salama. Na aliporudi, siku chache baadaye, alimweleza mumewe gari lilimsumbua wapi, akamwambia vilimani halina nguvu, na mume akaliongezea gea ya kupandia. Nguvu ya hadithi iko hapo, Fundi. Mwenye gari alimsikiliza dereva. Wewe dereva wako ameizungusha Benzi yako mjini miezi yote hii, umewahi kumuuliza gari linamwambiaje? Mguu wake ndio ulio kwenye pedali. Huenda ugumu wa breki aliuona kabla yako akashindwa kukwambia, maana angekwambia kwa njia gani na yeye rasmi hajui kuendesha?

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo, gazeti likiwa bado mkononi. Nenda nyumbani mapema. Usiende na maua wala hotuba, na usimsimulie habari za Ujerumani hata kidogo. Mwambie, "Mke wangu, nimekuona kwenye mzunguko, unaendesha vizuri kuliko mimi." Nyamaza. Mwache acheke, alie, au akununie kidogo, yote ni haki yake. Halafu mwombe msamaha wa siku ya taa za barabarani, ukilitaja kosa lenyewe, usiseme "kama nilikukosea". Ulimkosea. Baada ya hapo ndipo mwambie habari ya pampu, kama fundi anavyomwambia dereva, kwamba gari hili Jumamosi haliteremki mlima, awe anaendesha yeye, wewe au mwenye kiwanda. Hilo halina mjadala, na usilipunguze makali kwa kumwogopa. Mtu anayekupenda hakufichii breki.

Mama mkwe mpigie wewe mwenyewe. Mwambie gari litakuja wiki inayofuata, nyasi afyeke taratibu, na usimuulize kwa nini alikosea namba. Spea ikifika, mwite mkeo mfunge pamoja, akushikie taa na wewe umshikie spana, ajue ni nini kilichokuwa kinampinga mguuni. Kisha mkalijaribu gari kwenye kilima kidogo cha karibu, na umfundishe kuteremka kwa gea ya chini, breki akizigusa na kuziachia. Safari hii fundisha kwa sauti unayotumia kumwambia mteja aongeze sukari kwenye chai.

Siku ya safari, ngoja kualikwa. Asipokualika, baki nyumbani, kula ulichobakishiwa, ukae karibu na simu. Ila kwa mwanamke niliyemsoma humu, nadhani atafungua mlango wa pili na kukutazama. Ukitazamwa hivyo, usizunguke kwenda upande wa usukani kwa mazoea. Kaa kiti cha abiria. Funga mkanda, na ikianza kona ya kwanza, funga na mdomo.