Roshani ya Bi Rukia

Kibokoni, Mombasa

Mama, shikamoo.

Goti lasemaje? Najua huko Taita baridi imeshaingia. Usiende kisimani alfajiri, mwachie dada Mghoi, naye ana miguu.

Mimi mzima. Nakula, nalala, naamka. Ukiniuliza moyo, siusikii, kama mkono ulioulalia usiku kucha.

Ile nyumba ya wageni niliyokwambia ni ya ghorofa, ya kale. Bi Rukia aliirithi kwa babake. Wasafiri walilala juu, na mbele ya chumba kikubwa palikuwa na roshani ya msaji, nguzo na vimia vyote vimenakshiwa maua, hakuna msumari hata mmoja. Ukikaa mle unaiona njia nzima na njia haikuoni. Bi Rukia alikaa hapo tangu msichana.

Sisi mafundi tuliitwa kutengeneza paa tu. Mwenyewe alikuwa Malindi kwa mwanawe, akampigia simu msimamizi wetu: "Fanyeni mufanyavyo, lakini roshani yangu isivundwe." Msimamizi ni mtu wa bara kama sisi. Kwetu kilichovunda kimeoza. Akatwambia, "Mama anaogopa mbao zitavunda kwa mvua. Ishusheni, muiweke pakavu." Hakuna kati yetu aliyejua kuwa kwa watu wa Mvita kuvunda ndiko kuvunja.

Basi tukashusha, Mama. Nyundo nilishika mimi. Vigingi vilikuwa vimeshikamana na mbao. Nagonga kigingi, lapasuka ua. Nikasema, jamani, tuache. Msimamizi akajibu, "Maji tushayavulia nguo." Tukaendelea mpaka jioni.

Bi Rukia alirudi Ijumaa. Alipanda ngazi akakuta pengo, na jua limejaa chumbani.

"Sikuwambia isivundwe?"

Nami, mjinga wa wajinga, nikamjibu kwa furaha: "Haijavunda, mama! Shika uone, kavu kabisa."

Watu wa njiani walikuwa wakimtazama. Akavuta buibui usoni, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani. Heri angenitukana.

Msimamizi hapokei simu, wenzangu wamekwenda zao. Mimi nimebaki naunganisha vipande kwa gundi. Vingine vinakubali, vingi havikubali, na sidhani kama roshani itasimama tena. Nilitaka kulia, machozi hayaji. Krismasi msiningoje.

Nisalimie baba mdogo anayetulishia ng'ombe, na shangazi wa kwaya, mwambie aniombee.

Nilikuwa nafunga barua, Bi Rukia akaniletea kahawa. Hakuwa amesema nami tangu Ijumaa. Akauliza, "Fundi, kwenu kuvunda ni nini?"

"Ni kuoza, mama."

Kidole chake kikapapasa ua lililopasuka.

"Kuoza ningeridhia," akasema. "Mti huoza polepole. Ningetangulia mimi."

Mwanao,
Mwakio