Ongeza Kidogo, Mpenzi

Jumamosi, 6 Juni

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Bado nikiiona pete kidoleni nashtuka kama nimeiokota!

Mke wangu kaja na habari kutoka chuo cha masaji: mtihani wa vitendo ni Ijumaa. Akifaulu, kliniki ya jirani na chuo inamwajiri hapo hapo. Akifeli, anarudia miezi sita. Kwa hiyo anahitaji mwili wa kufanyia mazoezi. Nikamwambia mwili anao, aliuchukua mbele ya mashahidi. Alicheka mpaka akakaa chini. Jamani, kicheko kile!

Nikalala kifudifudi kwenye meza ya kulia chakula, juu ya blanketi. Akapasha mafuta moto kidogo, akaanza mabegani. Vidole vile vile laini nilivyovivisha pete — kumbe vina nguvu za koleo! Akauliza kama naumia. Sasa bwana harusi wa siku kumi na tisa atajibu nini?

"Hata! Ongeza kidogo, mpenzi."

Akaongeza.

Jumatatu, 8 Juni

Nimeamka kama ubao. Shingo haigeuki. Nikitaka kumtazama mke wangu inabidi nigeuke mzima mzima, kama kabati linalohamishwa. Yeye anaona ni mapenzi, nageuza mwili wote kwa ajili yake! Basi na iwe hivyo.

Jioni akanigusa mgongo, akasikitika. Eti nina mafundo mengi, ni ya kazi ya kusimama kutwa nanyoa watu. Eti yanahitaji nguvu zaidi. Leo katumia kiwiko. Niliuma kona ya blanketi. Nikasema, "Hapo hapo!"

Halafu masharti ya baada ya kukandwa, kayaandika kwa mkono wake na kuyabandika ukutani: maji glasi nane. Nisioge maji ya moto sana. Nisibebe kizito. Ninyooshe viungo taratibu. Chini kachora moyo. Nani ana mke kama huyu?

Jumanne, 9 Juni

Aibu ya mwaka.

Nilikunywa glasi zangu nane, zote kabla ya saa nne asubuhi, ili nimfurahishe. Saa nne na nusu mteja yuko kwenye kiti, nusu ya kichwa nimemaliza, nusu bado msitu. Maji yakaniita. Nikamwomba radhi, nikakimbia — tuseme nilijikokota haraka — chooni nyuma ya duka. Nimerudi, yakaniita tena! Mara ya tatu mteja akasimama na shuka shingoni, akauliza kama kuna kinyozi mwingine wa kumalizia kichwa chake au hiki ndicho kitengo cha dharura.

Kipara, kinyozi mwenzangu wa kiti cha pili (hana unywele hata mmoja, na bado watu wanamwamini), akamalizia. Kisha akanitazama ninavyoinama kuokota kitana, nimeshika kiuno.

"Bwana harusi, tulikwambia ndoa ni kazi. Hatukusema ni kazi ya kubeba magunia."

Duka zima likacheka. Ikabidi nimweleze. Hakucheka tena. Akauliza: huo mtihani, atamkanda nani? Nikasema sijui. Akasema, nijue upesi, maana huyo mtu nimemponza mimi.

Alhamisi, 11 Juni

Nimefanya mazoezi ya kukiri kutwa nzima mbele ya kioo cha duka. "Mpenzi, punguza." Maneno mawili tu! Kipara alikuwa mke wangu. Alilia vizuri sana.

Nimefika nyumbani, nikasema, "Mpenzi, nina jambo."

"Mgongo?"

"Ndiyo, mgongo, lakini —"

"Lala."

Nikalala. Akilikanda bega la kushoto akanisimulia: wenzake wote darasani wanalalamikiwa na watu wao wa mazoezi. Yeye peke yake hajawahi kuambiwa "punguza". Mwalimu kasema ni kipaji. Sauti ilimtetemeka kwa furaha. Tone la chozi likaniangukia mgongoni.

Mtu angesemaje? Nikasema, "Ongeza."

Ijumaa, 12 Juni

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha mtihani. Mke wangu kavaa sare nyeupe, kapendeza mpaka nimesahau shingo. Anayekandwa ni Mwalimu mwenyewe! Mama mmoja mwembamba, ukimshika mkono unaogopa kumvunja. Kanisalimia kwa upole.

Nimepewa fomu ya watu wa mazoezi. Swali la nne: Je, ulimwambia mkandaji ukweli kuhusu maumivu? Nikaweka alama kwenye Ndiyo.

Ndani kimya. Kisha sauti ya Mwalimu: "Punguza, mwanangu." Kisha, "Punguza!" Kisha sauti ambayo siyo neno.

Na mke wangu, taratibu, kwa mapenzi yote: "Mwalimu, hapo ndipo mume wangu huniambia niongeze."

Nimefuta Ndiyo.

Mlango umefunguka. Kachungulia, mikono ina mafuta, macho makubwa. "Mpenzi, hebu ingia. Mwalimu anataka akuone ukisimama na kutembea."

Nimesema nakuja.

Hiyo ilikuwa dakika tano zilizopita. Bado niko kwenye benchi. Mgongo umegoma.