Unene wa Rangi

Mbinga Mjini,
Tarehe 14 Agosti, 2003.

Mdogo wangu mpendwa Gaudence,

Shikamoo yako ilinifikia mwezi uliopita kwa mkono wa Kunigunda, aliyeshuka hapa stendi na kikapu cha dagaa wa usipa mlichonitumia. Marahaba. Naandika nikitarajia kwamba wewe na shemeji Lukresia mnaamka salama huko Mbaha, na kwamba goti lako limepata nafuu sasa ambapo kazi za shamba zimepungua. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu imenikaa kifuani, lakini natembea. Mke wangu Hedwiga anaanika kahawa tuliyochuma nyuma ya nyumba, na ananiagiza nisisahau kuwashukuru kwa usipa.

Barua yako ilikuwa fupi, na ilikuwa na swali moja. Umeandika kwamba Lukresia haketi tena mbele kanisani. Anaketi benchi la mwisho, na hutoka kabla ya baraka ili asikutane mlangoni na ndugu za wale watu kumi na mmoja waliozama. Kisha umeuliza kama ni kweli kwamba mwanenu Methodi alizidisha mzigo katika boti ile. Umesema kwamba mimi ndiye mtaalamu katika ukoo wetu, na kwamba nitakaloliandika ndilo mtakalolishika. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kufanya mambo mawili, nitakayoyaeleza. Nivumilie nianzie mbali kidogo.

Kazi yangu ilikuwa kupima chuma bila kukikata wala kukitoboa. Nilifundishwa kazi hiyo katika karakana ya misheni, na utaratibu wake haukubadilika kwa miaka thelathini. Ukitaka kupima tumbo la boti, kwanza unakwangua rangi mpaka chuma kiwe uchi, mahali padogo kama sarafu. Unagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kizima huitika. Chuma kilicholiwa na kutu sauti yake hufa. Baada ya hapo unapaka grisi, unaweka kichwa cha mashine ya kupimia, unasoma unene, na unaandika yote mawili katika daftari: tarakimu na sauti.

Shirika la boti nililolifanyia kazi lilipouzwa wakati wa soko huria, wanunuzi walimleta mhandisi aitwaye Hamphrey, kijana mwenye adabu, pamoja na mashine mpya na kompyuta mbili. Mashine ile ilitoshea kiganjani. Ilionyesha tarakimu yenyewe, ikaitunza, na jioni ikaunganishwa na kompyuta kwa waya. Tarakimu iliyozidi kiwango ilitokea kwa rangi ya kijani, na iliyopungua kwa nyekundu. Sikuichukia. Ilikuwa mashine nzuri, na ilisema kweli kwa mtu aliyefuata utaratibu wake.

Madaftari ya zamani yaliamriwa yaingizwe katika kompyuta. Kazi hiyo alipewa Glorious, binti aliyehamia hapa kutoka Singida, mwepesi wa vidole na mwepesi wa kucheka. Siku ya pili alinijia na daftari langu mkononi, akaniuliza, “Babu, na hii sauti niiweke kwenye kisanduku gani?” Nilikwenda nikatazama. Palikuwa na kisanduku cha tarehe, cha bati, cha unene na cha jina la mpimaji. Cha sauti hakikuwapo. Nilimwuliza Hamphrey, naye akajibu kwa upole kwamba kompyuta haisikii. Kuanzia siku hiyo, kila aliponiona na nyundo aliniuliza kwa utani kama mganga wangu wa kienyeji ameagua nini. Mafundi walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao, kwa maana orodha ya watakaopunguzwa kazini ilikuwa bado haijatoka. Madaftari yakachomwa nyuma ya ghala.

Sasa nafika kwenye boti. Unakumbuka kwamba Mansuetus, baada ya kufanikiwa katika kununua kahawa, alinunua boti ya chuma ya shirika iliyokuwa imelala majini miaka mingi. Aliipandisha ufukweni na kumpa Methodi unahodha. Ulikuwa mwezi wa tatu mwaka 1999, na Jumapili Paroko alikuwa aje kuibariki. Nilitumwa Alhamisi kuipima. Nilipofika niliikuta imekwisha kupakwa rangi, nyeupe juu na samawati chini, nawe ulikuwa umekwisha kuwasili na mbuzi wako wawili. Rangi ile ilipakwa juu ya lami, na lami juu ya rangi nyingine za miaka yote.

Nilimwambia Mansuetus kwamba nitakwangua mahali arobaini. Alinishika mkono akanizungusha boti nzima. Alisema kwamba nikifanya hivyo boti itaonekana kama mgonjwa wa ndui mbele ya Paroko na wageni, na kwamba rangi nyingine haipatikani karibu kuliko Songea. Hamphrey, aliyekuja pamoja nami, alisema kwamba mashine mpya haina haja ya kukwangua sana. Na Methodi alikuwa amesimama pale katika shati jeupe alilolishona Lukresia. Alinitazama tu, kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

Nilipima juu ya rangi.

Gaudence, jambo hili ni rahisi kulielewa. Mashine ile hutuma mlio ndani ya chuma na kuhesabu muda wa kurudi kwake. Ndani ya rangi na lami mlio huenda polepole, nayo mashine hudhani kwamba muda wote ule ni chuma. Unene wa rangi huhesabiwa kuwa unene wa chuma, tena kwa kuzidishwa. Ubavu wa kulia, karibu na chumba cha injini, mashine ilisoma milimita tano na nusu. Jioni kompyuta ikaandika kijani. Lakini bati la boti ile, siku lilipotoka kiwandani, lilikuwa na milimita tano. Chuma hakinenepi majini. Hilo analijua hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na mimi nilikuwa na miaka thelathini kazini.

Jumapili Paroko alinyunyiza maji ya baraka, akina mama wakapiga vigelegele, tukala mbuzi wako. Mwezi wa sita, siku ya upepo mkali wa mwera, boti ilizama mbele ya macho ya watu wa Mbaha. Ziwa letu lina kina kirefu hatua chache tu kutoka ufukweni, na hadi leo hakuna aliyeifikia huko chini iliko. Methodi aliogelea na mtoto wa watu mgongoni. Alipofika nchi kavu alikamatwa.

Katika kesi, orodha yake ya mzigo ilikuwa imepotea ziwani. Yeye alisema yalikuwa magunia mia na kumi na nane ya mahindi na makopa ya muhogo, na boti iliruhusiwa mia na ishirini. Mashahidi wawili waliokuwa ufukweni walisema yalionekana kama mia na sitini. Boti nzima haizami kwa magunia mia na kumi na nane. Kwa hiyo jambo lote likasimama juu ya chuma, na mimi nikaitwa. Hakimu aliniuliza kama tumbo la boti lilikuwa zima. Nilijibu, “Kwa mujibu wa mashine, Mheshimiwa, chuma kilikuwa kizima.” Lukresia alikuwapo, nadhani anayakumbuka maneno hayo. Methodi alihukumiwa miaka saba.

Sasa nakiri kwako nililolificha. Siku ile ya Alhamisi, ninyi mlipokwenda kula, nilibaki peke yangu na nikagonga ubavu ule kwa nyundo. Sauti ilikuwa imekufa. Nilikwangua kidogo chini kabisa, mahali pasipoonekana, nikapima juu ya chuma kitupu, nikapata milimita moja na nusu. Niliyaandika yote katika daftari langu, kwa mazoea ya mkono, kisha nikapaka rangi mahali pale. Daftari hilo ndilo pekee ambalo sikulipeleka kuchomwa pamoja na yale mengine. Siku ya kesi lilikuwa ndani ya mfuko wa koti langu. Kila neno nililomjibu hakimu lilikuwa sahihi, na jibu lote lilikuwa uongo. Nililinda kazi yangu na jina langu. Kazi yenyewe niliachishwa miezi minne baadaye.

Barua yako ilipofika nilifanya yale mambo mawili. Kwanza nilipeleka daftari kwa wakili mmoja Songea. Alilisoma kwa makini, akaniambia bila ukali kwamba ripoti ya mashine ina tarehe na saa isiyoweza kubadilishwa, ilhali maandishi ya mkono ya baba mkubwa wa mfungwa yanaweza kuwa yameandikwa juzi. Vitabu vya shirika vilikwisha kuchomwa, na boti haifikiwi. Hakuna kitu cha kulipima daftari langu.

Kisha nilikwenda gerezani. Methodi amekonda, na nywele zimemtoka mbele. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, na askari aliniruhusu kumwonyesha ukurasa. Aliusoma mara mbili. Aliniambia kwamba mwanzoni aliapa yalikuwa mia na kumi na nane, lakini amehesabu kila siku kwa miaka minne, gunia kwa gunia, na sasa anayaona mia na sitini. Kisha akanirudishia daftari kwa mikono miwili, kwa heshima.

“Baba Mkubwa,” alisema, “umeandika haya kwa kunihurumia. Mbele ya hakimu ulisema chuma kilikuwa kizima, na wewe hujawahi kusema uongo.”

Nilimwapia. Alinifariji, Gaudence. Yeye alinifariji mimi.

Basi swali lako nalijibu hivi: Methodi hakuzidisha mzigo. Wakili hakuniamini, na mwenyewe haniamini. Mmebaki wewe na Lukresia. Daftari nimelifunga pamoja na barua hii. Wasomeeni ndugu za marehemu mkitaka, ingawa sitazamii kwamba watakubali. Sikuombi msamaha, kwa sababu ungenipa upesi kwa kuwa mimi ni mkubwa wako.

Hedwiga anawasalimu. Hajui yaliyomo humu, nitamsomea kesho. Msalimie Lukresia, na umwambie kwamba shati lile jeupe Methodi bado analiulizia. Wasalimie majirani watakaopenda kupokea salamu zangu.

Ni mimi, kaka yako,
Hyasinti.