Papasa Mara Mbili

Mama,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko watu bado wanaamkiana, lakini siwezi kuanza kuongea na mama mkwe wangu bila shikamoo, usije ukasema sisi Wanyasa wa ziwani hatukufundwa.

Nimechoka, Mama. Naanza na hilo kwa sababu ni wewe tu niliyeweza kukwambia nimechoka bila kuulizwa nimechoshwa na nini. Mikono inanuka sungura mpaka leo, siku ya tatu, na nimeisugua kwa majivu na limau. Nimechana karatasi kwenye daftari la mtoto, nimekaa jikoni kwako, kwenye kigoda chako, nakuandikia. Barua hii sitaileta kaburini. Mbuzi wa Wendelini wanashinda pale, wataila kabla hujaisoma.

Jumamosi asubuhi Wendelini alipiga sungura wawili kwenye shamba lako la maharage, akawaleta hapa. Najua umeshtuka, na hukushtuka kwa ajili ya sungura. Mwanao wa mwisho hakuwa amekanyaga uwanja huu tangu mwaka jana.

Mwanzo wa mambo haya uliuona mwenyewe. Uliondoka wakati magari ya wanunuzi binafsi ndiyo kwanza yameanza kupanda huku kwetu kutafuta kahawa. Otmari, mwanao mkubwa, huyu uliyeniozesha, alikuwa bado karani wa mizani kwenye ghala la chama cha ushirika. Msimu uliofuata ghala likafungwa. Watu walikuwa wamechoka kusubiri malipo ya chama, wakaona heri kumuuzia mwenye gari aliyesimama mbele yao. Mwenye gari naye akatafuta mtu wa kumpimia kahawa huku mlimani, akamchukua Wendelini. Mizani ikaning'inizwa njia panda, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni pa ghala anaiona. Otmari akasema ndugu yake amemnyang'anya kazi. Wendelini akasema kazi ilikuwa imeshakufa, yeye hakumnyang'anya mtu. Hawakupigana. Heri wangepigana. Walinyamaza, na unawajua wanao wanavyonyamaza.

Wendelini akajenga nyumba ya bati ng'ambo ya kijito, akamwoa Kandida, binti wa Mbinga mjini, wakawa wanakula ndani mlango umefungwa. Ndivyo sengu ilivyokufa. Wewe uliishika hata baada ya Baba kufariki. Watu walisema sengu ni ya mzee, mjane ataiweza wapi, ukawajibu waje kwanza waonje ndipo waseme. Kila jioni kila nyumba ya ukoo ilileta sahani yake uwanjani kwako, wanaume mkeka wao, sisi mkeka wetu, na mtu alilala ameshiba bila kujua ni chakula cha nani kilichomshibisha. Siku hizi kila moshi unapanda peke yake.

Na siku zile za mwisho, kifua kimekubana, ulinishika mkono ukasema, "Usiwaache wale peke yao." Hukuongeza neno. Nikwambie ukweli, nilikasirika. Wanaume wawili wenye ndevu, umeniachia mimi niwalishe pamoja. Nimepika, nimeita, nimetuma watoto ng'ambo ya kijito mpaka wakagoma kwenda. Nimelibeba neno lako mwaka na zaidi, na nilikuwa nimeshaamua kulitua. Nilitaka Pasaka ipite tu, halafu nikae nyumbani kwangu, nipike sufuria yangu, nisimwite mtu tena.

Halafu Wendelini huyo, amesimama mlangoni, gobore la Baba begani, sungura wawili mkononi, wamefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Akasema, "Shemeji, Kandida anaogopa kuwashika. Mama alikuwa anawaweza." Kisha akaangalia viatu vyake. Kandida hakuumbwa na woga kiasi hicho, Mama. Yule binti anachinja kuku mwenyewe. Lakini sikumuuliza. Nilimwambia awaweke kwenye majani ya mgomba, na jioni aje na mkewe kula. Akawaweka, akajifuta mikono kwenye suruali. Akaondoka.

Nilipobaki nao nikacheka peke yangu. Nilikumbuka sungura wangu wa kwanza, mwezi ule nilipopanda huku kutoka Lipingo ziwani na mikono inayojua samaki tu, mbasa na usipa. Nilimlaza kifudifudi, nikampasua mgongoni kuanzia kichwani mpaka mkiani, nikamfungua kama mbasa wa kukausha, nikaanza kutafuta chanja ya kumwanika. Na manyoya yake mwilini! Ulikuja ukatazama, ukakaa chini kwenye maganda ya maharage, ukacheka mpaka ukashika mbavu. Kisha ukasimama ukachukua kisu ukanionyesha. Tangu siku hiyo ukaniita Mnyasa wangu. Wengine waliniita Mnyasa tu, na mimi nilijua tofauti.

Basi nikafanya ulivyonionyesha. Nililowesha manyoya kwanza yasiruke kwenye nyama. Nikawaning'iniza kwa miguu ya nyuma, nikakata ngozi kuzunguka vifundo, nikaivuta kwenda chini taratibu kama ninavyomvua mtoto sweta. Tumbo nikalifungua kwa ncha ya kisu, vidole viwili vimetangulia ndani kuzuia kisu kisitoboe utumbo. Nyongo nikaiondoa na kipande cha ini, maana ulikuwa unasema paka naye ale, kuliko sufuria nzima iwe chungu. Kibofu nilikikuta kitupu. Ulizoea kuwaambia wanao wakikamue palepale shambani, sungura akiwa bado wa moto, na Wendelini alikuwa amekumbuka. Hilo lilinigusa kuliko sungura wenyewe.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Gobore la Baba unalijua, linatapika chembe za risasi kama mtu anayerusha mahindi kwa kuku. Nikafuata manyoya. Kila chembe ikiingia inavuta manyoya machache nyuma yake, kwa hiyo ukiona unywele ndani ya nyama, unaufuata, na chembe iko mwisho wake. Nikazitoa moja moja kwa ncha ya kisu, nikazitupa kwenye kibakuli cha bati. Palipovilia damu nikakata nikampa mbwa. Nyama iliyobaki nikailoweka kwenye maji ya chumvi, yakawa mekundu, nikamwaga, nikaloweka tena. Mgongo ukawa unaniuma. Moshi ukawa unaniingia machoni, na macho yangu si yale uliyoyaacha.

Mchana Kandida akaja peke yake, vitunguu amevifunga kwenye kanga. Hakusema ametumwa. Nikampa kigoda, nikamwambia afumbe macho apapase kila pande la nyama. Alikunja uso, akapapasa. Akapata chembe ambayo mimi nilikuwa nimeipita, kwenye paja, akanionyesha kwa furaha ya mtoto. Nikamwambia arudie.

"Papasa mara mbili." Nilijisikia nikilisema kwa sauti yako.

Unakumbuka nilivyojifunza neno hilo. Ilikuwa sengu yangu ya kwanza kupika sungura, na mashangazi wa Otmari walikuwa wamekuja makusudi kuona kama yule mtu wa ziwani anaweza kupika kitu kisicho na magamba. Tulikuwa tunakula, wewe umekaa katikati yao. Nikaona taya lako limesimama. Macho yako yakanitafuta, yakanipata, na mimi nikajua. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini wewe ulikihamishia kile kitu shavuni, ukaendelea kutafuna upande wa pili. Ukacheka nao. Ukasifia chumvi. Ukawaaga mmoja mmoja, shavu limetuna kidogo, na hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Walipokwisha kuteremka ukaja jikoni, ukafungua kiganja changu, ukaidondosha humo ile chembe ya risasi. "Hii ni yako," ukasema. "Siku nyingine papasa mara mbili, mara ya kwanza mikono ina haraka." Basi. Miaka yote tuliyoishi pamoja hukuirudia habari hiyo, hata siku tulizokosana.

Tuliichemsha nyama muda mrefu, maana sungura wa porini ni mgumu, mpaka ikaanza kuachia mfupa. Nikaikaanga na vitunguu vya Kandida na nyanya, nikarudishia supu yake. Nikatandika mikeka miwili uwanjani kwako. Otmari alipotoka ndani akaiangalia mikeka, akaniangalia mimi, akauliza nani anakuja. Nikamwambia nyama ya mdogo wako. Nilitegemea arudi ndani. Akakaa, lakini alikaa kama mtu aliyekaa kusubiri basi la kwenda Kitai.

Lazima nikwambie Otmari amekuwaje, ili uelewe. Tangu ghala lifungwe amekuwa mtu wa kutafuta makosa kwenye sahani. Akipata kijiwe kwenye maharage hakitupi. Anakiweka mbele yake, kila mtu akione, kisha anauliza aliyechambua ni nani. Watoto wanakula wakimwangalia kinywa.

Wendelini akaja jua likiwa limeinama. Akakaa ukingoni mwa mkeka, nusu kwenye nyasi. Nikapakua kwa desturi yako, aliyepiga anapewa mwisho, asije akaonekana ndiye analisha watu. Wakanawa. Wakala kutoka sinia moja, hawaangaliani. Sisi na Kandida mkeka wetu tulikuwa hatutafuni, tunasikiliza.

Otmari akasema, akiangalia ugali, "Umewapigia wapi?"

"Kwenye maharage ya Mama," Wendelini akajibu. "Wamekula mistari miwili."

"Wanajificha kwenye zile nyasi za pembeni. Zifyeke."

"Nitafyeka kesho kutwa."

Ni hayo tu, Mama. Nyasi. Lakini nilishika mkono wa Kandida, maana hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu mizani ining'inizwe njia panda. Na hapohapo nikasikia ka!

Nilijua mlio ule. Nilipapasa mara mbili, naapa, na Kandida alipapasa mara mbili, na bado moja ilikuwa imejificha kwenye mfupa. Taya la Otmari likasimama. Wendelini naye alikuwa amesikia, anaijua bunduki yake, mkono wake ukabaki juu ya sinia. Nikasema moyoni, imekwisha. Ataitema, ataiweka juu ya mkeka, atauliza. Itaanza kuwa risasi ya nani, itaishia kuwa mizani ya nani, na Wendelini ataondoka na hatarudi. Na mimi nitakuwa nimelitua neno lako, safari hii si kwa kutaka.

Otmari akatulia. Machozi ya maumivu yakamlengalenga. Kisha nikaona kitu kinahama mdomoni mwake, kinakwenda kukaa shavuni. Mama, lilikuwa shavu lako. Sikuwahi kumsimulia habari yetu, wewe najua hukumsimulia, na hata hivyo alifanya vilevile. Akakata tonge, akatafuna kwa upande wa pili.

"Nyama imeiva," akasema.

Wendelini akashusha mkono, akachukua mnofu. Baada ya muda niliona amejivuta, amekaa mkekani mzima mzima.

Walipoondoka, Otmari alikuja jikoni. Sijui lini mara ya mwisho aliingia jikoni. Akafungua kiganja changu, akaidondosha. Ilikuwa na damu, na kipande cha jino pembeni yake. Akasema, "Usimwambie Wendelini." Akatoka. Nikakaa hapa kwenye kigoda chako nikalia, kilio cha uchovu zaidi kuliko kitu kingine, mpaka moto ukazimika.

Jumapili alikwenda misani shavu limevimba. Wendelini akamuuliza nje ya kanisa amepatwa na nini. Akajibu ni jino bovu la siku nyingi. Na Wendelini si mjinga, lakini aliitikia pole, jino baya sana. Nimekuwa nikimchemshia maji ya chumvi asukutue. Analalamika maji ya moto, analalamika maji ya baridi. Habari ya risasi haitaji.

Usifurahi haraka. Mizani bado inaning'inia njia panda na ghala bado limefungwa. Hawajaongea lile jambo lenyewe, na pengine hawataliongea hadi watakapokufuata. Mimi nami bado nimechoka, sikudanganyi. Ila leo asubuhi niliwaona wawili wanafyeka nyasi pembeni ya maharage yako, mmoja huku mwingine kule, hawasemi. Na jioni hii Kandida amevuka kijito na sahani imefunikwa. Hakusema imetoka kwa nani. Nami sikuuliza.

Kwaheri, Mama. Pumzika, umefanya kazi ya kutosha. Neno lako sijalitua. Nitaendelea kutandika mikeka, nitafuata manyoya, nitapapasa mara mbili hata macho yakigoma. Siwezi kukuahidi kwamba sitaiacha hata chembe moja. Sasa najua kwamba nikiiacha, yupo wa kuificha shavuni.

Mnyasa wako.