Fomu Tano za Utumishi

Soweto, Moshi
14 Agosti 1974

Mpendwa Baba, Mzee Anaeli,

Shikamoo Baba. Kikohozi kinaendeleaje? Mama na migomba yake hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili. Nimetoka Singida juzi kwa likizo, ila tangu jana chakula hakipiti. Najua Digna ndiye anayekusomea. Mdogo wangu, soma polepole, wala usiruke mstari.

Baba, unakumbuka chama cha ushirika kilinikopesha pesa za kusomea uganga, wewe ukawa mdhamini. Tuliambiwa nikitumikia hospitali ya serikali miaka mitano, deni lote litasamehewa. Miaka imetimia, nami jana nikaenda ofisini kwao kifua mbele kuchukua barua yangu ya msamaha.

Karani, mama mmoja mpole aitwaye Redempta, alifungua jalada akaniuliza nataka kusamehewa deni gani, maana lilikwisha kulipwa tangu msimu uliopita. Nilicheka. Nikamwambia amechukua jalada la mtu mwingine. Akanigeuzia karatasi: namba yako ya uanachama, Baba, na makato ya kila msimu. Walikuwa wanakata kwenye kahawa yako kabla hujafika dirisha la malipo, wewe unapewa kilichobaki. Nikakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

Miaka yote hiyo, Baba! Jirani yetu Efraimu anaezeka bati, wewe unarudi na fedha kiduchu, unaapa kuwa ndizo walizokupa. Nani alikuamini? Digna akatolewa shule kidato cha pili kwa kukosa ada. Nami, mbele ya ukoo mzima, nikasema pesa ya kahawa umeimalizia kwenye pombe ya mbege. Tangu siku ile hawakuiti tena kwenye vikao.

Nilimuuliza Redempta kwa hasira ni nani aliyewaruhusu kukukata. Akasema kila Januari walinitumia fomu ya kuthibitisha utumishi, irudi na mhuri wa hospitali. Isiporudi, hukatwa mdhamini. Fomu nilizipata zote, Baba. Nilijiona mganga mkubwa, nikasema karatasi ni kazi ya makarani. Ziko sandukuni mwangu zote tano, hazijaandikwa hata jina.

Hukunywa, Baba. Mimi ndiye niliyekula kahawa yako.

Jumamosi nitapanda kuja nyumbani Masama na jani la isale mkononi, kama wafanyavyo kwetu wanaoomba radhi, na nitayasema haya mbele ya ukoo uleule. Ukiniacha nje ya lango, nitakaa hapo hapo. Nisalimie Mama. Digna, wewe sijui nikusalimuje.

Mwanao,
Crispin