Mlango wa Awadhi Juu ya Lori

Karakana ya Mradi wa Karanga, Nachingwea
2 Agosti 1950

Mjomba wangu Bashiri,

Assalaam alaikum. Mimi mzima, ila vumbi la huku limenibadilisha rangi. Natumaini nawe mzima, mama anaendelea vyema na eda yake, na watoto wa chuo chako cha Kurani bado wanakiogopa kiboko chako.

Mjomba, mambo ya huku nikiyaeleza utaniita mwongo. Jana matrekta mawili yalifungwa mnyororo mmoja, yakaingia porini yakienda sambamba, na miti iliyokuwapo kabla ya babu zetu ikalala chini kama nyasi. Nilibaki mdomo wazi mpaka Saturnini, fundi wa magari ninayefanya naye kazi, akaniambia niufunge, nzi wasije wakaingia.

Sasa tumepewa kazi ya ajabu zaidi. Bwana Mpimaji, yule Mzungu anayepima mashamba mapya, amechoka kulala hemani. Anataka nyumba ndogo ya mbao juu ya gari, yenye kitanda, meza na dirisha, aende nayo kila anakokwenda. Mimi seremala najenga nyumba. Saturnini anachagua chasisi, yaani kile kiunzi cha chuma chenye springi na magurudumu ambacho nyumba itakikalia. Ziko tatu: ya lori la jeshi la tani tatu, ya gari dogo la mizigo, na ya gari la wagonjwa lililorudi kutoka vitani. Bwana anasema anataka isiyomrusha kitandani wala isiyoyumba konani. Usiku ninaota mbao tu.

Msalimie mama.

Mpwa wako,
Kaimu

Chinongwe
9 Agosti 1950

Mpwa wangu Kaimu,

Waalaikum salaam. Sisi tupo, ufuta umeanikwa, na kiboko kipo. Hapa Chinongwe tumejenga nyumba miaka yote na zikakaa pale pale tulipoziweka. Wewe umekwenda mwaka mmoja tu, unazipa miguu.

Utani umeishia hapo. Mama yako alianguka bafuni wiki mbili zilizopita, akavunjika mguu chini ya goti. Sikukuandikia kwa sababu mzee Shaibu, mganga wa mifupa, aliufunga vizuri na mfupa unashika. Lakini pale ufito wa kufungia ulipomchoma pamekuwa kidonda, kidonda kimeingia usaha, na sasa ana homa. Shaibu mwenyewe, ambaye hajawahi kukiri kushindwa, anasema apelekwe hospitali ya misheni Mnero.

Mama yako hataki. Anasema hatavuka kizingiti cha marehemu baba yako Awadhi kabla miezi minne na siku kumi hazijatimia, na bado karibu siku arobaini. Nimemsomea kwamba dharura inaruhusu mjane kutoka. Akaniambia hayo nikawafundishe watoto. Vijana wanne walileta machela, akawafukuza kwa mwiko. Nao walipomwinua kidogo tu, alipiga kelele zikasikika mpaka msikitini, maana mguu hautaki kutikiswa hata chembe.

Mimi ni kaka yake, na kwa desturi yetu neno langu ndilo la mwisho. Mwambie hivyo yeye kama unaweza. Naogopa, Kaimu.

Mjomba wako,
Bashiri

Nachingwea
17 Agosti 1950

Mjomba wangu,

Salamu nyingi. Hali yangu usiniulize. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

Nilimwambia Saturnini kwamba chasisi hizi sasa tunampimia mama. Hakucheka. Tuliweka mbao juu ya kila moja, tukaweka na mtungi uliojaa maji hadi shingoni, tukaenda mpaka darajani na kurudi.

Gari dogo ni laini kwenye njia iliyonyooka. Lakini ni jembamba na fupi, kwa hiyo kila kona linainama, na nyumba ikining'inia nyuma usukani unakuwa mwepesi mno. Saturnini anasema magurudumu ya mbele yanaacha kusikia amri. Tukaliacha.

Gari la wagonjwa lilirudi na mtungi karibu umejaa. Nilifurahi sana, nikataka tuanze kupiga misumari siku ile ile. Saturnini akaniambia kwanza nilale mle mwenyewe. Mjomba, springi zake zimechoka. Shimo linabaki nyuma barabarani, nawe ndani bado unapanda na kushuka. Nilitapika chakula cha mchana chote. Mtungi hautapiki, ndiyo maana haukutuambia kitu. Tena tumbo la gari lile liko chini, tulikwama mchangani saa nzima.

Lori la jeshi ni pana, refu, na konani halina habari. Ila linarusha. Mtungi ulipasuka kabla ya daraja.

Nilikata tamaa. Saturnini akasema, "Gari hili limezaliwa kubeba tani tatu. Ukilibebesha kijumba, linaona halijabeba kitu, ndiyo maana linaruka." Akapunguza majani matatu, vile vyuma bapa vilivyopangana, katika kila springi, akapunguza upepo kwenye tairi, tukapanga magunia ya mchanga chini ya sakafu. Nikalala tena. Tulipita juu ya mizizi ile ile iliyopasua mtungi, na mimi, mjomba, nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka nilimtazama Saturnini nikaona aibu kumwita rafiki tu.

Mwambie mama kwamba si lazima atoke nyumbani. Nyumba itamjia.

Mpwa wako,
Kaimu

Chinongwe
23 Agosti 1950

Kaimu,

Salamu. Nimemsomea mama yako barua mara mbili. Ulipotapika alicheka, na ni mara ya kwanza tangu aanguke.

Kisha akauliza nyumba hiyo ni ya nani. Nikasema ya Mzungu. Akasema eda ya Awadhi haikaliwi kwa Mzungu, akageukia ukutani.

Asubuhi akaniita. Akasema mlango wa nyumba yake Awadhi aliuchonga kwa mkono wake mwaka ule wa harusi. Ukiwekwa mlango huo kwenye hilo gari, basi atakayeingia ataingia kwa Awadhi. Nimefundisha fikihi miaka ishirini, nami nikaenda kuupima mlango. Kusema kweli sikutafuta hoja ya kumpinga.

Vipimo hivi hapa. Urefu shibiri saba na vidole viwili, upana shibiri tatu na nusu. Wewe acha nafasi tupu, mlango tutautia huku. Fanya haraka. Harufu ya kidonda sasa inanifikia nikiwa uani.

Mjomba wako,
Bashiri

Nachingwea
1 Septemba 1950

Mjomba,

Salamu. Nyumba imekwisha. Nilimweleza Bwana Mpimaji yote, hata la mlango. Akasema gari lilihitaji kujaribiwa wiki mbili kabla hajalilalia, na bibi mwenye mguu uliovunjika akiweza kulala humo bila kulia, yeye hatakuwa na la kulalamikia. Basi tumepata wiki mbili.

Mimi siji. Maseremala wote tumezuiwa, lazima mabweni yaezekwe kabla ya mvua. Saturnini ataendesha, atafika Jumanne. Waombe watu wafukie mashimo ya pale kijitoni.

Nimekata nafasi ya mlango kama ulivyoagiza. Mjomba, umwangalie.

Mpwa wako,
Kaimu

Mnero
8 Septemba 1950

Mpwa wangu Kaimu,

Salamu kutoka Mnero, tumefika.

Kwanza, aibu. Mlango haukuingia. Kumbe wewe ulipiga hesabu kwa shibiri yako, nami nilipima kwa yangu, na vidole vyangu virefu unavijua. Saturnini akachukua randa aupunguze. Mama yako alikuwa ameketi ndani akitazama, akasema, "Likate gari. Mlango wa mume wangu usiuguse." Saturnini akaweka randa chini, akashika msumeno, akalikata gari la Bwana mbele ya mji mzima. Kisha lori likarudishwa kinyumenyume mpaka kizingitini, tukalaza ubao, na mama yako akapitishwa juu ya godoro bila kugusa ardhi.

Nilikaa miguuni pake. Kwenye kona za mlima nilishika kitanda kwa mikono miwili, nyumba ikapinda na njia taratibu, ikasimama wima tena. Mama yako hakupiga kelele hata mara moja. Nimeswali miaka yote hii nikisema Mungu ni mwenye uwezo, siku ile nilikuwa nimeukalia huo uwezo.

Tulipofika kwenye mashamba yenu akataka mlango ufunguliwe. Msitu haupo, Kaimu. Nchi iko wazi mpaka mbingu inapoishia. Akatazama kitambo akasema, "Awadhi alikuwa akiwinda hapa." Halafu akasema tuufunge.

Hapa Mnero amekataa kushuka. Sista Valentina, muuguzi wa hapa, hakubishana naye, alichukua beseni na mkasi akapanda yeye. Anatibiwa humo humo, asubuhi na jioni. Lakini Sista ameniita kando akasema usaha ukifika gotini, mguu utakatwa. Omba dua.

Mjomba wako,
Bashiri

Mnero
20 Septemba 1950

Mwanangu Kaimu,

Salamu, na kwanza upumue. Mguu upo. Homa ilikatika siku ya sita, na kidonda sasa ni chekundu safi, Sista anakionyesha kwa wageni.

Jana siku zake za eda zilitimia. Wanawake wa jirani walimwogesha, wakamvisha nguo mpya, nami nikasimama chini ya ngazi nimpokee. Alishuka kwa fimbo na bega langu, ngazi baada ya ngazi, hataki kubebwa. Alipokanyaga mchanga akaniuliza, "Kaka, nimemaliza?" Nikasema umemaliza. Akasema, "Basi kweli amekufa."

Ndipo akalia. Tangu tumzike Awadhi mwezi wa tano hakudondosha chozi, nasi tukasema ni ukali wake tu. Alilia mpaka Saturnini akaondoka kwenda kujificha nyuma ya lori, nami mwalimu mzima nikalia naye pale mchangani. Baadaye akaomba uji, akanywa bakuli mbili.

Saturnini anamrudishia Bwana gari lake kesho, na barua hii anayo yeye. Panda naye akirudi kutuchukua Ijumaa. Ukikatazwa, njoo hivyo hivyo. Mama yako hakuulizia gari, anakuulizia wewe. Anasema ulimzika baba yako, siku ya tatu ukarudi kazini, na wewe hujamlilia.

Mjomba wako,
Bashiri